Kovu la Pafu, Mzigo wa Moyo

Leo nina habari ya mapafu na moyo, na nataka tuanze kwa kuulizana. Mtu ambaye mapafu yake yana makovu ya siku nyingi, kwa nini baadaye miguu yake inavimba? Kwa nini tumbo linajaa maji? Kwa nini anafika hospitali anaambiwa moyo umetanuka, naye maisha yake yote hajawahi kusumbuliwa na moyo?

Swali hili linatuhusu sana. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ya miaka 2021 hadi 2025 ilitaja nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, yaani TB, na humo walikuwamo majirani wote hawa: Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Katika nchi hizi kuna watu wengi sana waliougua TB, wakameza dawa miezi 6, wakapona kabisa. Wadudu walikufa. Lakini kwa wengine pafu lilibaki na makovu. Ongeza hapo wachimbaji wa Mererani, wale vijana tunaowaita wanaapolo, wanaotoboa mwamba kutafuta tanzanaiti huku wakivuta vumbi la mawe. Ongeza wa Geita na wa migodi midogo ya dhahabu. Vumbi la mawe lenye silika likiingia ndani kabisa ya pafu halitoki, na pale lilipotua mwili hujenga kovu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi. Wapo pia ambao mapafu yao hujaa makovu kwa sababu kinga yao wenyewe imewageuka, na wapo ambao chanzo hakijulikani hadi leo.

Sasa twende taratibu, maana hapa ndipo penye kiini.

Moyo una pande mbili. Upande wa kushoto husukuma damu mwilini kote, kuanzia utosini hadi kwenye nyayo. Upande wa kulia hupokea damu iliyokwisha kutumika na kuisukuma mapafuni, ikachukue oksijeni, kisha irudi upande wa kushoto. Mtu mzima akiwa ametulia, kila dakika hupita kama lita 5 za damu upande huu, na kiasi hichohicho upande ule. Kiasi ni kilekile, msikilizaji, lakini nguvu inayotumika si ileile. Presha unayopimwa mkononi, ile ya 120 kwa 80, ni ya upande wa kushoto. Katika mshipa mkuu uendao mapafuni, presha ya kawaida kwa wastani ni kama 14 tu. Ndiyo, 14. Ndiyo maana ukuta wa chumba cha kulia cha moyo ni mwembamba, kama theluthi moja ya ukuta wa kushoto. Haukuhitaji kuwa mnene. Pafu zima ni laini, mishipa yake ni mipana na mingi, damu inapita bila kusukumwa kwa nguvu.

Fikiria msukuma mkokoteni wa Kariakoo. Barabara ni tambarare, mzigo wake anaujua, jioni anarudi nyumbani salama. Siku moja aambiwe kuanzia leo mzigo uleule ataupandisha mlima wa Pugu, kila siku, bila siku ya kupumzika. Mwanzo ataweza. Misuli ya mapaja na mikono itajaa, utamwona amenenepa, utasema ana nguvu kuliko zamani. Lakini mlima haushuki. Tena kila mwezi unazidi kuinuka. Itafika siku atashindwa kuusukuma, na mkokoteni utaanza kumrudia. Hivyo ndivyo chumba cha kulia cha moyo kinavyopata taabu mapafu yakiwa na makovu. Kwanza ukuta wake unanenepa. Baadaye unachoka, unalegea, chumba kinatanuka.

Sasa mlima wenyewe unatoka wapi?

Ndani ya pafu kuna vifuko vidogo vya hewa, mamia ya mamilioni, na kila kifuko kimezungukwa na vimishipa vya damu vyembamba mno. Hapo ndipo oksijeni inapovuka kuingia kwenye damu. Kovu likija halichagui. Linafunga vifuko, na linafunga pamoja na vimishipa vyake. Njia za damu zinapungua, na damu iliyokuwa na njia nyingi inalazimika kupita kwenye chache zilizobaki. Presha inapanda.

Kuna jambo la pili, na mimi naliona ndilo la ajabu zaidi. Mwaka 1946, wataalamu wawili wa Sweden, Ulf von Euler na Göran Liljestrand, waliokuwa wakichunguza paka, walieleza kwamba mishipa ya mapafu hufanya kinyume na mishipa mingine ya mwili. Kwingine mwilini oksijeni ikipungua, mishipa hutanuka ili damu zaidi ifike. Kwenye mapafu, oksijeni ikipungua mahali, mishipa ya mahali hapo hubana. Kwa nini? Ili damu isipoteze safari kwenda sehemu ya pafu isiyo na hewa, iende kwenye sehemu nzima. Mtu akiwa na nimonia upande mmoja, tabia hii inamsaidia sana. Lakini kwa mtu mwenye makovu pande zote mbili, oksijeni imepungua kila mahali, basi mishipa nayo inabana kila mahali. Kile kilichowekwa kumlinda kinageuka mzigo kwa moyo.

Na bado. Mwili ukikosa oksijeni kwa muda mrefu, figo huagiza uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi. Damu inakuwa nzito, na damu nzito ni ngumu kusukuma. Usiku mgonjwa akilala, oksijeni hushuka zaidi. Akipata mafua makali au nimonia, inashuka zaidi tena. Ndiyo maana wengi wao huzidiwa ghafla baada ya homa ambayo mtu mwingine angeiita ndogo.

Nirudie, kwa aliyefungua redio sasa hivi: makovu yanafunga njia za damu, ukosefu wa oksijeni unabana njia zilizobaki, na upande wa kulia wa moyo ndio unaobeba mzigo wote huo.

Ukishachoka, nini kinatokea? Damu inayorudi kutoka mwilini inakuta chumba kimejaa, haina pa kuingia, inarudi nyuma. Mishipa ya shingo inasimama, unaiona hata mtu akiwa amekaa. Ini linajaa damu, na mgonjwa anasikia uzito au maumivu chini ya mbavu za kulia, chakula hakipiti, anashiba kwa matonge mawili. Maji yanatoka kwenye mishipa, yanashuka miguuni. Ukibonyeza mguu kwa dole gumba juu ya mfupa wa muundi, panabaki shimo. Baadaye tumbo nalo linajaa. Na huku mbele, damu inayofika upande wa kushoto ni kidogo, tena chumba cha kulia kilichotanuka kinausukuma ukuta wa katikati na kukibana chumba cha kushoto. Kwa hiyo mgonjwa anapata kizunguzungu, moyo unakwenda mbio, na akipanda ngazi au akiinama kufunga kiatu anaweza kuzimia.

Hapa naomba utulie kidogo unisikilize, maana hapa ndipo watu wetu wanapopotea.

Tuseme mjomba wako alichimba Mererani ujanani, miaka mingi. Au shangazi yako aliugua TB zamani, akatibiwa, cheti chake cha kupona kimewekwa kabatini. Leo anatweta akitoka bombani na ndoo. Familia inasema ni uzee. Miezi inapita, miguu inavimba. Anakwenda duka la dawa, anapimwa presha mkononi, iko sawa, tena iko chini kidogo. Anaambiwa, mama, presha yako nzuri. Anarudi nyumbani ameridhika. Tumbo linapojaa, wengine wanasema figo, wengine wanasema ini, na wengine, tusifichane, wanasema amerogwa, wanaanza kumtafuta jirani mbaya. Pesa inakwisha kwa safari hizo. Akifika hospitali kubwa, ugonjwa umekwisha kumwelemea.

Kosa la kwanza liko kwenye kile kipimo cha mkononi. Presha ya mkononi si presha ya mapafu. Nasema tena: presha ya mkononi si presha ya mapafu. Mtu anaweza kuwa na presha nzuri mkononi na mapafuni imepanda maradufu. Kuipima presha ile moja kwa moja kulimpa binadamu kazi. Mwaka 1929, daktari kijana wa Kijerumani, Werner Forssmann, katika mji wa Eberswalde, alijipitishia mwenyewe mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono, akauingiza hadi moyoni, kisha akatembea kwenda chumba cha eksrei apigwe picha ya kuthibitisha. Miaka ya 1940, André Cournand na Dickinson Richards wa New York waliiendeleza njia hiyo wakapima presha ya upande wa kulia kwa wagonjwa, na mwaka 1956 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel. Hadi leo, njia hiyo ya mpira ndiyo inayotoa jibu la uhakika.

Lakini usiogope, hutaanzia huko. Kipo kipimo kisicho na maumivu, altrasaundi ya moyo, ambayo hospitalini wanaiita eko. Inaonyesha ukubwa wa chumba cha kulia, na inakadiria presha ya mapafu. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili inakifanya, na hospitali nyingine kubwa pia. Na kabla ya eko kuna kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, ambacho wengi mlikijua wakati wa korona. Kinasoma oksijeni ya damu. Mtu mzima mwenye afya husoma 95 na kuendelea. Ikiwa chini ya 90, nenda hospitali, usingoje. Mambo mawili hapa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwa watu weusi kifaa hiki mara nyingine husoma juu kuliko hali halisi, kwa hiyo kama mgonjwa anatweta na kifaa kinasema yuko vizuri, amini pia macho yako. La pili, wengi wenye makovu husoma vizuri wakiwa wamekaa, na namba inaporomoka wakitembea. Mwombe mhudumu akupime baada ya kutembea kidogo. Na dada zangu, kidole chenye rangi nzito ya kucha huweza kudanganya kipimo, chagua kidole kisichopakwa kitu.

Kosa la pili liko kwenye picha ya kifua. Aliyewahi kuugua TB akipigwa eksrei, makovu yanaonekana. Mara nyingine anaanzishiwa dawa za TB upya kwa sababu tu ya kivuli kile. Makohozi yapimwe. Ikiwa hakuna wadudu, basi tutafute kwingine: hewa inapitaje mapafuni, oksijeni ni kiasi gani, moyo ukoje. Kwa muda mrefu sana, sisi watu wa afya tulihesabu TB kuwa imekwisha siku mgonjwa anapomaliza kidonge cha mwisho. Ni mwaka 2019 tu ndipo wataalamu kutoka nchi mbalimbali walipokutana Stellenbosch, Afrika Kusini, katika mkutano wa kwanza wa kimataifa kuhusu maisha baada ya TB. Kwangu mimi, huko ni kuchelewa mno. Mwaka 1882 ndio Robert Koch alipotangaza mdudu wa TB. Aliyepona anastahili kufuatiliwa mapafu na moyo wake kama alivyofuatiliwa alipokuwa anameza dawa.

Je, kuna tiba? Kovu lenyewe halifutiki. Huo ndio ukweli, na mgonjwa ana haki ya kuambiwa. Lakini kuna mengi ya kufanya, na mengine yanarefusha maisha.

Oksijeni ndiyo ya kwanza. Tafiti mbili kubwa, ya Marekani mwaka 1980 na ya Uingereza mwaka 1981, zilionyesha kwamba wagonjwa wa kufungana kwa njia za hewa wenye oksijeni ya chini sana waliishi zaidi walipovuta oksijeni saa 15 au zaidi kwa siku. Wagonjwa wa makovu hawakuwa ndio waliochunguzwa, lakini madaktari huwapa oksijeni kwa sababu ileile: mishipa iliyobana kwa kukosa oksijeni hulegea kiasi, na moyo unapunguziwa kazi. Tatizo letu ni mashine. Inatumia umeme saa zote hizo, na umeme ni LUKU, ule wa kulipia kabla, na LUKU ni pesa. Familia inaponunua mashine hesabu ya umeme inawashtua baadaye. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na mimi nawaomba wanaopanga mafao ya bima hiyo waihesabu oksijeni ya nyumbani kuwa dawa, kwa sababu ni dawa. Na wewe unayeuguza: palipo na oksijeni pasiwe na sigara, pasiwe na mshumaa, pasiwe na jiko la mkaa. Moto na oksijeni havikai chumba kimoja.

Dawa za kupunguza maji husaidia miguu na tumbo, lakini zikizidi damu hupungua mno na moyo huo uliochoka unakosa cha kusukuma. Kwa hiyo usijiongezee dozi. Chumvi ipungue, pamoja na dagaa wa chumvi na ng'onda tunaowapenda. Chanjo za kinga ya mafua na nimonia zikipatikana, mgonjwa achanjwe. Sigara iachwe leo. Na mazoezi mepesi ya kutembea, chini ya uangalizi, huwapa nguvu wengi waliokuwa wamekata tamaa.

Kuhusu dawa za kulegeza mishipa ya mapafu, naomba tahadhari. Ipo dawa ya kuvuta iliyokubaliwa Marekani mwaka 2021 kwa wagonjwa hawa, nayo ni ya gharama kubwa. Lakini si kila dawa ya aina hiyo inafaa. Jaribio moja la kidonge cha kulegeza mishipa kwa wagonjwa wa makovu lilisimamishwa mwaka 2016, maana waliokimeza walidhurika zaidi kuliko wasiokimeza. Mojawapo ya hofu za wataalamu kuhusu dawa hizi ni kwamba zinaweza kufungua mishipa hata kwenye sehemu za pafu zilizokufa, damu ikapita huko na kurudi bila oksijeni. Kwa hiyo ndugu yangu, kidonge alichokusimulia rafiki usikinunue dukani kwa siri.

Na neno kwa wanawake wa umri wa kuzaa. Mimba huongeza sana damu ambayo moyo hulazimika kusukuma. Mwanamke ambaye presha ya mapafu yake imepanda anaweza kupoteza maisha kwa ujauzito. Kama umeambiwa una tatizo hili, zungumza na daktari juu ya uzazi wa mpango kabla ya jambo lingine lolote, na mumeo awepo asikie.

Kuzuia kunawezekana pia, hasa migodini. Vumbi linaloleta silikosisi ni lile jembamba lisiloonekana kwa macho, na kitambaa ulichofunga puani hakilizuii. Kutoboa mwamba kwa maji badala ya kuutoboa ukiwa mkavu kunapunguza vumbi hilo sana. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na mapafu ya kijana wa miaka 25. Wenye vitalu wanajua hili, na nawaomba walitekeleze. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, iliyohudumia wagonjwa wa TB tangu miaka ya 1920, inawaona vijana kutoka machimboni wakiwa na silikosisi na TB kwa pamoja, kwa sababu pafu lenye silika hushikwa na TB kwa urahisi zaidi. Na silikosisi huweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kuchimba, ndiyo maana aliyeacha mgodi zamani naye anahusika na mazungumzo ya leo.

Msikilizaji, muda wetu umekwisha, lakini nina ombi. Leo jioni, kaa na mzazi wako, au mjomba, au shangazi, yule anayetweta. Chukueni karatasi muandike: aliugua TB mwaka gani, alitibiwa mara ngapi, alifanya kazi gani na kwa miaka mingapi, miguu ilianza kuvimba lini. Mkienda hospitali mpeni daktari karatasi hiyo, kisha muulize maswali mawili: oksijeni yake ni ngapi akiwa ametembea, na je, anahitaji eko ya moyo? Msiondoke bila kupata majibu ya maswali hayo.